Baiskeli ya Umeme na Afya ya Mwili

Baada ya mavuno ya alizeti walimu wa upande wetu wa Singida walikusanyika kwa shauri la shule, na shauri lilipokwisha mwalimu mmoja akabaki nyuma, akanishika mkono. Ni mtu wa miaka 51, kiongozi wa waimbaji, na maneno yake ni machache. Akaniambia, “Katekista, nina neno la kukuuliza, lakini usinicheke.” Nikamwahidi ya kwamba sitamcheka.

Habari yake ilikuwa hivi. Miaka miwili iliyopita waganga walimwona ana ugonjwa wa sukari. Wakampa dawa, wakampunguzia ugali na soda, kisha wakamwagiza autaabishe mwili wake kila siku nusu saa, siku tano katika juma, hata pumzi zianze kwenda mbio. Sasa yeye akaa kilometa 11 mbali na shule yake, na kwa miaka mingi huenda kwa pikipiki. Alipoambiwa maneno yale ya waganga aliitoa ghalani baiskeli yake ya zamani, Phoenix nzito iliyokuwa imelala chini ya magunia, akaipaka mafuta, akaanza kuiendea shule. Siku ya kwanza alifika amelowa jasho, na watoto wamekwisha kuingia darasani. Siku ya tatu magoti yakavimba. Siku ya nne, katika ule mlima wenye mawe, upepo wa asubuhi ukimpiga usoni na mfuko wa madaftari ukimvuta nyuma, alishuka, akaisukuma baiskeli hata juu, na jioni akairudisha ghalani.

Bassi, mwanawe aliyeko Dar es Salaam akamletea salamu, “Baba, nitakununulia baiskeli ya umeme.” Mwalimu akafurahi, akawasimulia wenzake, nao wakamcheka. Wakasema, “Hiyo ni pikipiki ya mtu mvivu. Utaketi juu yake kama gunia la mtama, na sukari yako itaketi pamoja nawe.” Neno lile lilimchoma. Tena fedha si kidogo, na dada yake yule kijana angali shuleni akingoja karo. Akaniuliza, “Je, chombo hiki ni dawa au ni anasa? Kama ni anasa tu, afadhali karo ya mtoto.”

Nalimwomba anipe muda. Sikutaka kumjibu kwa kubahatisha mtu ambaye ugonjwa wake waweza kumharibu macho na miguu.

Kwanza yafaa tujue kitu chenyewe, maana wengi wachekao hawajakiona. Baiskeli ya umeme ni baiskeli yenye pedali na mnyororo kama hizi tuzijuazo, ila ina mota ndogo, aghalabu ndani ya kitovu cha gurudumu, na betri iliyofungwa kwenye fremu au juu ya karia. Mwaka 1993 kampuni ya Yamaha ya Japani ilianza kuuza baiskeli ambayo mashine yake huipima nguvu ya mguu wa mpandaji na kumwongezea kwa kadiri ya nguvu hiyo. Ukikanyaga kidogo, nayo husaidia kidogo. Ukiacha kukanyaga, nayo huacha. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, baiskeli ya umeme ihesabiwayo kuwa baiskeli tu ni ile ambayo mota yake haipiti wati 250, na msaada wake hukoma mwendo ufikapo kilometa 25 kwa saa. Mtu mwenye afya ya kawaida akikanyaga kwa saa nzima hutoa kama wati 100 hivi, yaani mota ile ni kama vijana wawili na zaidi wanaokusukuma kwa nyuma. Msaada huo si haba.

Lakini ziko za namna nyingine. Ziko zenye kishikio cha kusokota kama cha pikipiki: ukisokota, inakwenda, hata miguu ikining’inia. Tena ziko zenye kisumaku kidogo karibu na pedali, ambacho hakijui nguvu ya mguu. Chajua tu kwamba pedali zinazunguka. Hizi zina hila yake. Mtu aweza kuzungusha miguu polepole pasipo nguvu yoyote, kama mtoto achezaye, na mota ikafanya kazi yote. Kwa macho ya watu aonekana akikanyaga, kumbe amebebwa. Tafadhali wasomaji walishike neno hili la namna tatu.

Pili tujue mwili wahitaji nini. Shirika la Afya Duniani katika maagizo yake ya mwaka 2020 lasema mtu mzima imempasa kuutumikisha mwili kwa kazi ya wastani dakika 150 hadi 300 kila juma, au dakika 75 hadi 150 kwa kazi nzito. Watu huuliza, kazi ya wastani ni ipi? Iko njia rahisi ya kuijua, nayo hupendeza hasa kwa waimbaji. Kama unaweza kuimba, kazi ni nyepesi. Kama unaweza kuzungumza lakini kuimba huwezi, kazi ni ya wastani. Kama huwezi kusema ila maneno machache ndipo uvute pumzi, kazi ni nzito. Njia ya pili ni kuhesabu mapigo ya moyo. Ondoa miaka yako katika 220. Hiyo ndiyo kadiri ya mapigo ambayo moyo waweza kufikia kwa dakika, ingawa watu hawalingani na hesabu hii ni ya kukisia. Kazi ya wastani huupeleka moyo kwenye mapigo 64 hadi 76 katika kila 100 ya kadiri hiyo. Mimi nina miaka 46, kwa hiyo kadiri yangu ni 174, na kazi ya wastani kwangu ni kati ya mapigo 111 na 132.

Nilipokwisha kuyajua hayo nalikwenda mjini kwa kijana mmoja fundi wa baiskeli. Kijana huyu alikuwa ameifungia Phoenix yake mwenyewe mota ya gurudumu na betri, vitu alivyoviagiza kutoka Dar es Salaam, naye huitumia kubebea vipuri. Ina kisumaku cha pedali, ina kishikio cha kusokota, tena ina kitufe cha kuchagua msaada, tangu namba 1 ambayo ni ndogo hata namba 5 ambayo ni kubwa. Aliniazima kwa asubuhi nne. Nikaipeleka kwenye mlima ule ule wa mwalimu, nikaupanda kila asubuhi mara moja kwa namna tofauti, na kila nilipofika juu nilishika mshipa wa shingo, nikahesabu mapigo kwa nukta 15, nikazidisha kwa 4.

Asubuhi ya kwanza nalizima mota kabisa. Nilifika juu pasipo kushuka, lakini niliona vimulimuli machoni. Nikahesabu 37, yaani mapigo 148 kwa dakika. Hiyo ni kazi nzito, nami sitamani kuifanya kila siku nikiwa na koti na vitabu. Asubuhi ya pili nalitia msaada namba 1. Nilikanyaga kwa nguvu, jasho likatoka kidogo, lakini magoti hayakulia. Nikahesabu 31, yaani 124. Mama mmoja aliyekuwa akishuka na ndoo ya maji aliniamkia, nikamwitikia vizuri. Nilipojaribu kuimba ubeti mmoja, pumzi zikanikatika katikati ya mstari. Asubuhi ya tatu nalitia namba 5, nikazungusha miguu tu kama nilivyoeleza. Mapigo 24, yaani 96. Niliimba ubeti wote. Asubuhi ya nne sikukanyaga hata kidogo, nalisokota kishikio. Mapigo 20, yaani 80. Na nikiketi nyumbani kwangu nikinywa chai moyo wangu hupiga 72.

Hapo nalikwisha kupata nusu ya jibu. Baiskeli ni moja, mlima ni mmoja, na mtu ni mmoja, lakini asubuhi ya pili nalifanya kazi, na asubuhi ya nne nalikuwa mzigo. Wale walimu waliocheka walisema kweli juu ya asubuhi ya nne, na juu ya ile ya pili walikosea kabisa.

Lakini asubuhi nne za mtu mmoja si ushahidi wa kutosha, kwa hiyo nalitafuta waliyoyaona wataalamu. Mwaka 2016 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Colorado kilichoko Boulder, Marekani, walieleza habari za watu 20 waliozoea kwenda kazini kwa motokaa, wasio na mazoezi. Walipewa baiskeli za umeme za kukanyaga, wakaambiwa waziendeshe dakika 40 kwa siku, mara tatu kila juma, kwa mwezi mmoja. Mwezi ulipokwisha miili yao iliweza kutumia hewa zaidi wakati wa kazi kuliko kwanza, na tena, neno hili nalimsomea mwalimu mara mbili, miili yao ilikuwa imeanza kuitawala sukari ya damu vizuri zaidi. Kazi waliyoifanya juu ya baiskeli ilipimwa, ikaonekana kuwa karibu mara 5 ya kazi ya mtu aketiye kimya. Kutembea kwa mwendo mzuri ni kama mara 3 na kitu, na baiskeli ya kawaida ni mara 6 hata 8. Baiskeli ya umeme basi husimama katikati ya mguu na baiskeli.

Huko Basel, Uswisi, wataalamu waliwagawa watu wazima wenye unene uliopita kiasi katika makundi mawili, na habari zao zikatolewa mwaka 2018. Kundi moja liliendea kazini kwa baiskeli za kawaida, na jingine kwa za umeme, kwa majuma manne. Makundi yote mawili yalipata nguvu ya moyo na mapafu, na faida zao zilikaribiana. Yasemekana wenye umeme walikwenda kwa mwendo mkubwa zaidi, wakaipenda milima ambayo wengine waliikwepa.

Watu hawa walikuwa wachache na muda ulikuwa mfupi. Hayo hatuna budi kuyakiri. Lakini mwaka 2019 zilitoka habari za watu wengi, zaidi ya 10,000, katika miji saba ya Ulaya, miongoni mwayo Antwerp, Barcelona, London na Zurich. Huko iligunduliwa jambo ambalo sikulitazamia. Wenye baiskeli za umeme, wakihesabiwa kazi yote ya mwili kwa juma zima, hawakuwa nyuma ya wenye baiskeli za kawaida. Itawezekanaje, na hali kila kilometa yao ni nyepesi zaidi? Sababu ni kwamba walikwenda mbali. Safari moja ya baiskeli ya umeme ilikuwa wastani wa kilometa 9 hivi, na ya baiskeli ya kawaida kama 5. Tena watu walioacha motokaa au basi wakapanda baiskeli ya umeme waliongeza kazi ya mwili sana. Na walioacha baiskeli ya kawaida wakapanda ya umeme walipungukiwa kidogo.

Katika maneno hayo ya mwisho ndimo lilimo jibu, nami naona yafaa tukae hapo kidogo. Watu huuliza, “Je, baiskeli ya umeme huleta afya?” Yafaa waulize, “Nikiipanda hii, naacha nini?” Aachaye pikipiki hupata. Aachaye kutembea kwa miguu huenda akapoteza. Na huku kwetu Singida watu hawaachi vitu sawasawa.

Mtazame mama wa Kinyaturu au wa Kinyiramba wa kijijini. Ameamka kabla ya jua, amekwenda kisimani, amerudi na ndoo ya lita 20 kichwani, nayo ni kilo 20. Amelima uwele na alizeti, ametwanga, amekata kuni, amembeba mtoto mgongoni. Mtu akimwendea mama huyu na habari za dakika 150 za mazoezi kwa juma, astahili kupewa jembe na kuonyeshwa shamba. Dakika 150 huyu amezimaliza kabla ya Jumatatu kwisha. Mama huyu ana haja ya kupumzishwa mzigo. Kwake baiskeli ya umeme ingefaa kwa sababu nyingine kabisa: ya kubebea maji, magunia, na mgonjwa anayepelekwa zahanati. Kule Jinja, Uganda, shirika liitwalo FABIO limejishughulisha na baiskeli za namna hiyo zenye karia ndefu za mizigo. Nasikitika kusema ya kwamba hapa kwetu chombo kipya kikiingia nyumbani, mara nyingi baba hukipanda na mama huendelea kubeba. Nyumba nyingine zijichunguze.

Kadhalika watoto waendao shule kwa miguu kilometa 2 au 3. Hao waachwe waende kwa miguu, maadamu njia ni salama.

Lakini sisi wa mshahara mdogo na kalamu, walimu, makarani, makatekista, wauguzi, na wenye maduka, mambo yetu ni mengine. Mimi nalipokuwa kijana, kila mwalimu aliyejulikana alikuwa na baiskeli, na mnyororo wake ulisikika kabla hajafika. Baadaye zikaja pikipiki za bei nafuu kutoka China na India, na katika miaka michache tu baiskeli zikaingia ghalani moja baada ya nyingine, kama ile ya ndugu yetu. Sasa twatoka kitandani, twapanda pikipiki, twaketi kitini, twapanda pikipiki, twaketi kochini. Uchunguzi uliofanywa Tanzania mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 uliona kwamba karibu 26 katika kila 100 wana shinikizo la damu la juu, na karibu 9 katika kila 100 wana ugonjwa wa sukari. Siwezi kuilaumu pikipiki peke yake. Iko soda, iko mafuta, iko chumvi. Lakini mimi binafsi nalipimwa presha mwaka jana, mganga akanyamaza kidogo kabla ya kunitajia hesabu, na kunyamaza kule nakukumbuka mpaka leo.

Kwa watu wa namna yetu baiskeli ya kawaida ingekuwa bora zaidi, kama tungeipanda. Hapo ndipo penye shida. Baiskeli iliyolala chini ya magunia haimponyi mtu. Singida si nchi tambarare kama watu wa mbali wanavyodhani. Ina majabali na vilima, na mwenye kuijua Sekenke hana haja ya kuelezwa habari za mlima. Tena uko upepo wetu, utokao mashariki miezi mingi ya kiangazi. Upepo una tabia yake: ukiongeza mwendo wako mara mbili, nguvu yake ya kukuzuia haiongezeki mara mbili tu, huwa mara nne. Ndiyo sababu mtu wa miaka 51 mwenye magoti mabovu akishindana na mlima na upepo pamoja hushindwa siku ya nne. Mota ndogo hulitoa lile lililomshinda, ikamwachia lile aliwezalo. Kama ataikubali ifanye hivyo tu.

Sasa hesabu ya mwalimu wetu. Kilometa 11, kwa mwendo wa kilometa 18 kwa saa, ni dakika 37 hivi. Kwenda na kurudi ni dakika 74. Akifanya hivyo siku mbili tu katika juma, amekaribia zile 150. Akifanya siku tano, ni dakika 370, amepita hata 300. Wala hazitoki katika kazi yake nyingine, maana safari ile sharti aifanye kwa vyovyote.

Yako mambo mengine madogo niliyoyaona kwa fundi yule. Betri yake ikijazwa hula umeme kama nusu uniti, nayo humpeleka kilometa 40 hivi katika njia nzuri, na pungufu katika mchanga. Haifai kuachwa juani wala kujazwa kwa chaja isiyo yake, wala usiku watu wakiwa wamelala, kwa kuwa betri za lithiamu zikiharibika zaweza kuwaka moto. Chombo chenyewe ni kizito, kilo 25 na zaidi, na umeme ukiisha njiani utajua uzito huo. Miiba ya migunga haiogopi umeme. Kubwa kuliko yote ni breki: zile breki za vyuma za Phoenix zilifanywa kwa mwendo wa mguu wa mtu, hazitoshi kwa uzito na mwendo wa mota, na mtu aziachaye hivyo akateremka mlimani ajitafutia msiba.

Na kwa wagonjwa wa sukari hasa. Atumiaye sindano za insulini, au baadhi ya vidonge, sukari yake yaweza kushuka mno akifanya kazi asiyoizoea. Kwa hiyo amwulize mganga kwanza, tena achukue mfukoni sukari au peremende. Atazame miguu yake jioni, asiwe na lengelenge asilolisikia. Tena baiskeli ya namna yoyote huikuza miguu na moyo, lakini mikono na mgongo huiacha vilevile. Shirika la Afya laagiza kazi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi kwa juma. Kwa hiyo jembe lisiachwe.

Hayo yote naliyaandika katika karatasi, nikampelekea mwalimu nyumbani kwake. Mkewe alikuwapo, naye ndiye aliyeuliza swali lililo gumu kuliko yote. Akasema, “Shikamoo Katekista. Nimeyasikia. Lakini mimi namjua mume wangu. Asubuhi yenye baridi, akiwa amechelewa, na kile kishikio kipo hapo mkononi, nani atamzuia asisokote?” Mwalimu akacheka, wala hakukana.

Shauri walilolikata ni hili. Hawakununua baiskeli mpya. Mwana aliagiza mota na betri, na yule fundi wa mjini akaifungia Phoenix ile ya ghalani, akabadili breki zote mbili na gurudumu la nyuma. Fedha zilizobaki zikawa karo ya dada yake. Na kile kishikio cha kusokota, fundi alikichomoa waya zake kwa amri ya mama, akamkabidhi. Kiko katika sanduku lake la nguo, nami nimekiona. Kitufe cha msaada mwalimu amejiwekea sharti: namba 1 mlimani na penye upepo, na kwenye tambarare amezima. Pikipiki imebaki kwa siku za mvua na za misiba.

Miezi mitatu imepita. Mwalimu amepungua kilo 4, na kipimo chake cha sukari cha asubuhi kimeshuka kutoka 9.6 hadi 7.8. Mganga amefurahi, lakini hakumpunguzia dawa, naye alifanya vyema, maana katika miezi hiyo mwalimu aliacha soda pia, na hakuna ajuaye kwa hakika lipi limefanya nini. Magoti hayajavimba tena.

Jumatatu iliyopita nalikuwa nikishuka ule mlima kwa miguu, nikamwona akija, mfuko wa madaftari nyuma, upepo ukimpiga usoni. Nikamwamkia, akaitikia vema, akaniuliza habari za nyumbani, nikamjibu. Ndipo nikamwambia, “Haya, mwalimu, tupe ubeti.” Akafungua kinywa, akatoa neno moja, akatikisa kichwa, akaendelea kukanyaga.